Aliyekunjwa Nyuma ya Fremu

Nyamwaga,
12 Juni 2025

Mwalimu Maige,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Tulielewa ulipotuma ujumbe kwamba hungeweza kusafiri kuja msibani, na Mama alisema usijilaumu.

Sisi tupo. Ni wiki tano tangu tumzike Bibi Ghati, na Mama bado anasonga ugali wa watu watatu. Akishapakua ndiyo anakumbuka.

Nakuandikia kwa sababu ya skana. Ile uliyonipa nilipomaliza kozi ya kompyuta ndiyo inayoniweka hapa kibandani, natoa kopi za vyeti na barua za watu wanaoomba kazi mgodini. Lakini sasa nina kazi ya nyumbani. Tarehe 6 Septemba tunafanya kumbukumbu ya Bibi, na siku hiyohiyo wazee wa ukoo watakaa waamue habari ya nyumba yake na shamba lake. Wangwe, yule mtoto wa shemeji yake Bibi, ameshaanza kusema vilabuni kwamba nyumba imekwisha. Anasema Bibi alimwoa Mama kwa ng'ombe zake mwenyewe ili apatikane mvulana wa kuirithi, na Mama akanizaa mimi peke yangu, kwa hiyo ntobhu ile, ndoa ya mwanamke kumwoa mwanamke, ilikuwa hasara, na sisi wawili ni wapangaji tu.

Nataka siku hiyo picha kubwa isimame mbele yao. Bibi amekaa kwenye kiti, amenipakata nikiwa mchanga, Mama amesimama kando yake. Wazee waione nyumba kwa macho. Picha nyingine ya Bibi sina, labda ile ya kitambulisho cha kura, ambayo anaonekana kama anakamatwa na polisi.

Nilipoitoa kwenye fremu nikakuta jambo. Upande wa kulia picha imekunjwa kwa nyuma, upana wa vidole viwili. Nikakunjua. Kuna mwanamume amesimama karibu sana na Mama. Uso wake wote una doa la kahawia, nadhani paa lilivuja. Nilimwuliza Mama. Akasema, "Mtu wa kanisani," akachukua ndoo akaenda kukamua, na ilikuwa saa sita mchana.

Mwalimu, nina miaka ishirini na saba. Najua kwa desturi yetu mimi ni mtoto wa nyumba ya Bibi, na aliyemzalisha Mama hatajwi. Sitaki kumdai mtu chochote. Nataka kuuona uso tu. Wewe ulikuwa unafundisha hapa miaka hiyo. Humjui?

Nimejaribu kuiskani mara tano. Inatoka na ukungu na mistari. Nimeifuta skana kwa maji ya sabuni lakini imezidi. Faili ni kubwa, nikituma kwa simu linabanwa na kuharibika, kwa hiyo nitakuwa naweka flashi kwenye bahasha pamoja na barua na kumpa dereva wa gari la Mugumu akufikishie. Nisaidie.

Wako,
Felista


Morotonga,
17 Juni 2025

Felista,

Marahaba. Mguu haujambo. Poleni tena. Bibi yako alikuwa mtu wa maneno machache, na kila moja alilipima.

Tuanze na kioo cha skana. Sabuni huacha utando, na skana huuona utando huo kabla haijaiona picha yako. Chukua kitambaa laini cha pamba, weka spiriti kidogo kwenye kitambaa, usimimine kwenye kioo, ufute kwa mwelekeo mmoja. Halafu fanya kazi hii alfajiri, wakati umande umelaza vumbi na malori ya mgodi hayajaanza kupita. Vumbi lenu lile jekundu likitua, punje moja ndogo, kwenye picha iliyokuzwa inakuwa kokoto.

Usiipige pasi picha. Najua utashawishika, watu wengi wameunguza picha za wazazi wao kwa pasi ya mkaa. Iweke katikati ya karatasi mbili safi, juu yake weka kitabu kizito, uiache siku nne.

Sasa ndani ya programu. Zima kila kitu kilichoandikwa kwamba kitajirekebisha chenyewe: mwanga, rangi, kuondoa vumbi, kunoa kingo. Mashine haijui vumbi ni lipi na jicho la mtu ni lipi. Inaona kidoa cheusi, inakifuta. Marekebisho utayafanya wewe baadaye, kwa mkono, ukiona unachokifanya.

Kisha idadi ya nukta. Picha yako inaenea kwenye kiganja, nawe unataka ionekane kutoka mlangoni, yaani ikue mara nne. Ukiisoma kwa nukta 300 kwa inchi, halafu ukaikuza mara nne, kila inchi inabaki na nukta 75, na mtu akisogea ataziona moja moja kama mchanga. Isome kwa 1200. Ukishaikuza, kila inchi itabaki na 300, na hiyo inatosha hata kwa mtu mwenye nia ya kutafuta makosa. Itachukua dakika kadhaa. Usiiguse meza.

Ihifadhi kwa aina ya TIFF. Ile JPEG uliyoizoea ni kama mjumbe anayefupisha habari kila anapoisimulia, mpaka mwisho habari inakuwa nyingine. Na ukishahifadhi, tengeneza nakala, ufanye kazi kwenye nakala. Ya kwanza iache kama ilivyo.

Kuhusu yule aliyekunjwa, tushughulike kwanza na walio mbele.

Wako,
F. Maige


Nyamwaga,
28 Juni 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Nimefanya kila ulichosema, na nimelia.

Sikujua picha ina vitu vingi hivyo. Nimeona tundu la sikio la Bibi, lile kubwa la zamani, ambalo aliniambia nilikuwa naingiza kidole humo nikinyonya. Nimeona pini ya usalama kwenye kitenge cha Mama. Mama anacheka, Mwalimu! Kwenye picha ya ukutani alikuwa amenuna, kumbe ulikuwa ni uchafu wa kioo. Nikamwita aje kibandani aangalie. Akasimama nyuma yangu muda mrefu, akasema, "Zima, unamaliza umeme."

Lakini uso wa yule mtu umenishinda. Nimeongeza mwanga, doa likawa jeupe na yeye akapotea. Nimepunguza, akawa giza. Nilichopata ni kola ya shati na kifungo kimoja. Shati lina mistari myembamba. Nimeangalia ule mkunjo wa kola kwa wiki nzima kama mwehu. Najiambia huyu alikuwa mtu nadhifu, shati lake lilipigwa pasi.

Kwenye flashi kuna faili kamili. Wewe una macho ya kazi hii. Kuna njia yoyote ya kulitoa doa bila kuutoa uso? Hata nusu. Hata pua tu, nijue yangu nimeitoa wapi, maana ya Mama siyo.

Felista


Nyamwaga,
1 Julai 2025

Mwalimu,

Barua hii nimempa dereva mimi mwenyewe, mwanangu Felista hajui. Karatasi nimechana kwenye daftari lake.

Hukuja msibani. Nashukuru, ulishika neno. Mama Ghati alikuambia ukihama Nyamwaga usirudi kukanyaga ua wake, na miaka ishirini na sita hukukanyaga. Lakini mashine ulileta. Nilisema moyoni, haya, ni zawadi, aache mtoto apate kazi. Sasa mashine yako inakutafuta wewe.

Wewe mwalimu unapenda kueleza mno. Siku ya kwanza uliyokula kwetu ulimweleza Mama Ghati jinsi moto unavyowaka, na yeye ndiye aliyeuwasha. Alicheka mpaka usiku. Nakuomba hili usilieleze.

Unakumbuka kwa nini alikuchagua. Hakukuchagua kwa sura. Alisema, "Huyu ni Msukuma, hana ukoo hapa wa kuja kudai mtoto." Ulikubali. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikuulizwa sana, lakini nami nilikubali, na sikujuta, nakuambia leo kwa sababu ni barua.

Wangwe akipata uso wako kwenye picha ile, kazi imekwisha. Atawaambia wazee, huyu hapa baba wa msichana, yuko hai, ana nyumba Morotonga, aende kwake akapewe shamba. Na wazee watakubali, kwa sababu ntobhu inasimama pale ambapo mwanamume hayupo. Felista akiwa na baba, Mama Ghati hana mtoto. Na mimi nina miaka arobaini na saba, nitarudi kwetu Itiryo kwa nani?

Siku mpiga picha alipokuja, Mama ndiye aliyesema, "Simama na wewe, hela ni ileile." Picha ilipoletwa akataka kukukata. Mkasi alikuwa nao mkononi, nilimwona. Akaangalia. Akaweka mkasi chini, akakunja.

Nakuomba umwache mtoto aone doa.

Eunice


Morotonga,
6 Julai 2025

Eunice,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa mstari mmoja.

Utasema napenda kueleza, lakini lazima nikueleze ujue ukubwa wa unachoniomba. Kila picha ya rangi ndani ya kompyuta ni picha tatu zilizolaliana: moja ya mwanga mwekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Programu inaweza kuzitenganisha. Doa la kahawia linaonekana jeusi kabisa kwenye ile ya buluu, linapungua kwenye kijani, na kwenye nyekundu karibu halipo. Ni kama mtu aliyevaa nguo ya kijani akisimama kwenye majani. Kwa hiyo uso anaoutafuta Felista haukupotea. Upo ndani ya faili lake, kibandani kwake, na ni mibofyo mitatu tu. Katika barua yangu ya kwanza nilimfundisha yote isipokuwa hiyo mibofyo mitatu. Wakati ule nilijiambia nitamwambia baadaye.

Juzi nilifungua flashi yake nikabofya mwenyewe. Nilitaka kujua kama kweli inawezekana, hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Akatokea. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na nywele. Sikuwa naangalia kamera, Eunice. Kila mtu anaangalia kamera, hata mtoto. Mimi nimeangalia chini, kwenye mapaja ya Mama Ghati, kwa mtoto. Mtu yeyote akiiona picha ile hahitaji kuuliza swali.

Na pua ni yangu.

Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa. Kisha programu ikaniuliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko, nikabonyeza hapana.

Unajua mke wangu Hilaria alifariki bila mimi na yeye kupata mtoto. Nimefundisha miaka thelathini na nane. Sikuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba jibu halipo wakati lipo. Nilipokuwa silijui, nilisema silijui. Ningeweza kukaa kimya, lakini Felista ameuliza waziwazi, na kimya changu atakitafsiri, kwa maana ana akili. Itabidi niseme.

Nitasema. Usiogope.

F. Maige


Morotonga,
7 Julai 2025

Felista,

Marahaba. Nimelichunguza faili lako. Umeskani vizuri sana.

Maji yalipoingia yaliyeyusha rangi pale usoni. Chini ya doa hakuna kilichobaki cha kutoa. Usipoteze siku zako hapo.

Shughulika na Bibi na mama yako. Ongeza tofauti ya mwanga na kivuli kidogo tu, ngozi isiwe majivu.

F. Maige


Nyamwaga,
3 Agosti 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi, nikadhani mguu unakusumbua. Pole. Nilihuzunika siku mbili, nikakubali. Wewe ukisema hakuna, basi hakuna.

Sasa sikia yaliyotokea. Alhamisi Wangwe alikuja kibandani kutoa kopi ya kitambulisho. Nilikuwa nimefungua picha, sikuwahi kuifunga. Akainama mpaka kofia ikagusa kioo.

"Huyu nani?"

"Mtu wa kanisani, baba mdogo."

"Kanisani? Hana Biblia, hana rozari, amebanana na mama yako namna hiyo. Alikuwa anamwombea?" Akacheka peke yake. "Mbona amemwagiwa chai usoni?"

"Ni paa lilivuja."

"Linajua kuvuja, hilo paa." Akalipa, akachukua kopi yake, akasimama mlangoni. "Binti, mimi sina ugomvi na wewe. Siku ile mkisimamisha picha hiyo, nitauliza swali moja mbele ya wazee. Huyu ni nani? Mkinijibu, umepata kwenu, nenda. Msiponijibu, mnaficha. Basi."

Nilifunga kibanda nikarudi nyumbani. Mama nilipomweleza, aliusonga ugali mpaka mwiko ukapasuka.

Nilifikiria kukunja tena picha, au kuikata kwenye kompyuta. Haiwezekani. Amesimama karibu mno, bega la Mama limeingia kifuani kwake, nikikata nampunguza Mama. Kwa hiyo nimeamua nimfute na kuweka ukuta mahali pake.

Nimetumia ile brashi ya kunakili, inayochota kipande cha picha upande mmoja na kukipaka mwingine. Mwanzoni ukuta ulitoka na ufa uleule mara tisa, kama maua ya kitenge. Nikafuta, nikaanza upya. Nimejifunza kuchota hapa kidogo na pale kidogo, na kubadilisha ukubwa wa brashi. Nilianza na viatu. Suruali. Shati niliacha mwisho. Nilipofika kwenye ile kola nilisema, "Samahani," kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa anasubiri kopi akauliza samahani ya nini.

Sina baba wa kumkosea, Mwalimu. Nina Bibi, na nina Mama, na nyumba. Nimechagua hivyo.

Flashi hii hapa. Iangalie kama Wangwe atakavyoiangalia, uniambie nilipokosea, kabla sijaipeleka Tarime kuchapwa.

Felista


Morotonga,
9 Agosti 2025

Felista,

Marahaba. Nimeiangalia siku tatu, kwa karibu na kwa mbali, na mara moja nimeigeuza juu chini, kwa sababu jicho likishazoea sura za watu haliyaoni makosa tena.

Ukuta ni mzuri. Kama nisingeiona ya kwanza, nisingejua. Bega la mama yako umelirudishia ukingo wake vizuri, wala halionekani limekatwa na wembe. Kuna mahali pamoja, juu ya kichwa chake, pamekuwa laini mno kuliko ukuta mwingine. Ongeza chembechembe kidogo pale, karatasi ya picha ya miaka ile haikuwa laini namna hiyo.

Kosa ni moja tu. Kuza picha mara mbili, uende kwenye kiti, kwenye mgongo wake wa mbao, nyuma ya bega la Bibi. Utaona vidole vitatu vimeshika ubao. Nadhani ulivipita ukifikiri ni vya mama yako. Hesabu mikono. Mama yako mkono mmoja umeshika kitenge kifuani, wa pili umeshika kofia ya mtoto. Bibi yako mikono yake yote miwili iko chini yako, amekupakata. Kwa hiyo vidole vile vimebaki bila mwenyewe. Watu wengi hawahesabu mikono kwenye picha, lakini mtu aliyekuja na swali moja mfukoni atahesabu.

Viondoe hivi. Chota mbao kutoka upande wa kushoto wa ubao uleule, si kutoka mguu wa kiti, kwa sababu mguu uko kivulini na rangi yake ni nyingine. Tumia brashi ndogo, yenye kingo laini, isiyozidi upana wa kidole kimoja. Fuata mstari wa mbao, uliolala, usiende juu na chini. Anza na kidole cha nje, kisha cha kati, kisha kilicho karibu na bega la Bibi, na hicho kifanye polepole, kwa sababu kimegusa nguo yake, na ukiteleza utamtoboa bega. Chini ya kila kidole kuna kivuli chembamba. Hicho nacho.

Ukimaliza, rudisha picha kwenye ukubwa wa kawaida, simama hatua nne nyuma. Kama hujui vilikuwa wapi, umefanya vizuri.

F. Maige


Nyamwaga,
8 Septemba 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Imekwisha, na imekwisha vizuri.

Tuliiweka picha mezani mlangoni, na kitambaa cheupe chini yake. Watu walipanga foleni. Mama mmoja kutoka Itiryo alimgusa Bibi shavu akarudi nyuma akisema ana joto. Wangwe alikuja wa mwisho. Alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Nilimwona midomo inacheza, Mwalimu, alikuwa anahesabu. Akazunguka, akaangalia na nyuma ya fremu. Akaniambia, "Nilijua mimi kwamba mtaalamu ni wewe," akaenda kukaa.

Wazee walipokaa, Mzee Heche, ambaye ndiye mkubwa wao, alimwuliza kama ana neno. Wangwe akasema alikuwa nalo lakini limekosa pa kukaa. Wakacheka. Mzee Heche akaigeukia picha, akamsalimia Bibi kwa Kikurya kama mtu aliyemkuta nyumbani, kisha akasema nyumba hii ina mama na ina mtoto, na ng'ombe wa Ghati hawakupotea. Shamba limebaki. Jina nimebaki nalo. Mama alilala saa kumi na mbili jioni, akaamka kesho yake saa nne.

Alitaka niape kwamba nimefuta faili zote za awali, kwenye kompyuta na kwenye flashi. Nimezifuta mbele yake. Nakuomba na wewe ufute zilizo kwako. Picha yenyewe ya karatasi ameichukua, sijui ameiweka wapi, na sitauliza.

Wala kuhusu yule mtu siulizi tena. Nilifikiri sana wakati wa kazi ile. Kama angekuwa hai na anajua habari zetu, angekuja kumzika Bibi. Hakuja. Kwa hiyo sikumfuta mimi, alikuwa ameshaondoka. Nikifikiri hivyo naona nafuu.

Asante kwa yote. Bila wewe ningepeleka ukungu mbele ya wazee. Sasa kazi naijua, watu wameshaanza kuniletea picha za marehemu wao, kwa hiyo sitakuchosha tena na bahasha kila wiki. Skana yako inafanya kazi kama siku ya kwanza. Pumzisha mguu.

Mwanafunzi wako,
Felista


Morotonga,
13 Septemba 2025

Felista,

Marahaba. Nimefurahi kwa ajili ya nyumba. Msalimie mama yako. Faili nimezifuta.

Hukuniuliza, lakini kwa kuwa watu wameanza kukuletea kazi, siku moja atakuja mtu na picha kubwa kuliko kioo cha skana, kwa mfano ile ndefu ya darasa zima la mwaka fulani. Wengi huikunja. Usiikunje. Iskani vipande viwili, kushoto kwanza, kisha kulia, bila kubadilisha mwanga wala nukta katikati ya kazi. Hakikisha sehemu ya katikati, kama theluthi moja, imeonekana kwenye vipande vyote viwili. Programu inatafuta sehemu hiyo ya pamoja ili ijue vipande ni vya picha moja. Ukiwa mchoyo ukaacha ukanda mwembamba, haitajua, nawe utakaa kutwa unavuta huku na huku na mstari hautakaa sawa. Mfuniko wa skana hautafungika, kwa hiyo funika kwa kitambaa cheusi, kizito, mwanga wa dirishani usiingie. Na picha ikiwa na mkunjo wa kuviringishwa, usiinyooshe kwa nguvu, iache kwanza karibu na mvuke wa birika, mbali kidogo, dakika kumi, mpaka ilegee yenyewe.

Kuna mengine kuhusu karatasi zenye kung'aa, na kuhusu picha zilizopigwa muhuri juu ya uso. Mguu wangu hauna neno, na muda ninao. Ukikwama popote, niandikie. Na usipokwama pia.

F. Maige